Kidimbwi Bila Samaki ni Kitalu cha Mbu

Kidimbwi cha jirani yangu hapa Uriri, Kaunti ya Migori, kina mita za mraba 300, na kwa miaka minne hakikuwa na samaki hata mmoja. Kilichimbwa enzi za ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza 2009, watu walipokuwa wakichimba vidimbwi kama wanaotafuta dhahabu ya Macalder. Msimu wa kwanza tulikula ngege mpaka watoto wakalalamika. Baadaye chakula cha samaki kikapanda bei, ndege wakajihudumia, na mwenyewe akaenda Kisumu kutafuta kazi. Samaki walikwisha, maji yakabaki.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, na ustaafu haumtoi mtu udadisi. Siku moja nilichota maji ya pale kwa bakuli jeupe la uji. Viluwiluwi walikuwa wamelala sambamba na uso wa maji kama vijiti vilivyokatwa. Mbu wa malaria hulala hivyo wakiwa wachanga. Hawa wengine wanaotupigia kelele usiku huning'inia kichwa chini. Nilimpigia jirani simu, akanijibu, "Mwalimu, fanya unavyoona." Nikanunua vifaranga 60 vya ngege, nikavimwaga humo, kisha nikamlipa kijana afyeke nyasi za kingoni, maana samaki hawezi kumfuata kiluwiluwi aliyejificha kwenye majani. Mwezi ulipopita nilichota tena kwa bakuli lile lile. Nilipata jani moja na mdudu wa maji.

Sidai kwamba malaria imehama kijiji. Mjukuu wangu aliugua baada ya mvua za Mei, na mbu bado wana nyayo za ng'ombe na mashimo ya matofali ya kuzalia. Chandarua hakiondoki kitandani, na mtoto apelekwe chanjo, ile ambayo Kenya iliizindua Homa Bay mwezi Septemba 2019. Lakini jambo la ngege si ndoto ya mstaafu. Huko Kisii, kwa majirani zetu, watafiti waliweka ngege kwenye vidimbwi vilivyoachwa, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo: baada ya wiki 15 viluwiluwi wa mbu wa malaria walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94.

Ndiyo maana naziomba kaunti za Migori na Homa Bay zihesabu vidimbwi vilivyoachwa, kuanzia Rongo hadi Karungu, kuanzia Ndhiwa hadi Mbita, na kila kimoja kirudishiwe ngege. Kisichoweza kufugiwa kifukiwe.

Nasema ngege kwa makusudi. Nikilizungumza jambo hili, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini tusilete samaki bingwa kutoka nje. Yupo gambusia, kisamaki cha Amerika kilichosambazwa duniani kote kwa sifa ya kula mbu, kikaishia kuwasumbua samaki wenyeji na kula mayai yao. Nasi tuna kumbukumbu yetu. Samaki mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba atawageuza fulu, visamaki vya miiba visivyo na soko, kuwa nyama ya maana. Kazi aliifanya. Kufikia miaka ya 1980 fulu wa aina nyingi walikuwa hawaonekani tena. Mbuta amejenga nyumba za mabati Homa Bay na kusomesha watoto, sikatai, ila hakuna aliyeweza kumwambia sasa inatosha. (Wazee watanikumbusha kwamba hata ngege tunayemfuga leo, nyamami, ni mgeni wa miaka ile ile. Kweli. Lakini huyu ameshaingia. Hatumwongezi ziwani mgeni mwingine.)

Na bingwa mwenyewe huweza kukuangusha. Miongoni mwa fulu kuna mmoja anayevunja konokono kwa meno ya kooni. Konokono ndio wanaobeba kichocho, ugonjwa unaowatesa watoto wetu wa ufukweni, kwa hiyo alitiwa katika mabwawa ya magharibi mwa Kenya na hata kupelekwa Kamerun. Mwaka 1965 P. H. Greenwood, mtaalamu wa samaki wa London, alikuwa ameshaeleza kwamba samaki huyo akilelewa tangini kwa chakula laini, taya zake hukua dhaifu. Kule Kamerun konokono hawakwisha. Wazungu wanaofuga matumbawe ya bahari kwenye matangi ya vioo wanaujua mchezo huu: anemoni wasumbufu wakizidi, hununua samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu awale. Kuna anayekula, kuna anayegeukia matumbawe, na kuna anayegoma kula mpaka akafa.

Ngege naye ana tabia hiyo. Nilipomshibisha pumba kila asubuhi, viluwiluwi walianza kurudi kingoni. Sasa nampa jioni tu, tena kidogo. Hanenepi haraka, na jirani amenitania kwa simu kwamba nimemwajiri samaki wake bila mshahara.

Mwenye kidimbwi kilichoachwa asisubiri gari la kaunti. Achukue bakuli jeupe, achote kingoni kwenye nyasi, aangalie kilicholala juu ya maji.