Methali Moja na Somo la Bahari

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuifundisha methali isemayo, "Mfa maji hukamata maji." Huiandika ubaoni, wanafunzi hujibu kwamba mwenye dhiki hushika lolote lililo karibu, na somo likaisha. Lakini katika shule za pwani, kutoka Moa hadi Msimbati, methali hiyo ina maana ya dhahiri ambayo ni wachache wanaoifundisha: anayezama humkamata amkaribiaye, na huenda wakazama wote wawili.

Badala ya somo, tumezoea kutoa amri: "Bahari ni hatari, msiende." Amri hiyo haitekelezeki. Mtoto wa pwani huenda kuokota chaza, kutafuta pweza au kumsaidia mama yake kufunga mwani. Kwa kuwa atakwenda, hatuna budi kumwandaa.

Aanze kujifunza kupwa na kujaa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mtoto aliye juu ya fungu huangalia mbele, kumbe maji yamekwisha kujaza mkondo ulio nyuma yake. Wanafunzi na waandike saa za maji kwa mwezi mzima, kisha wachore grafu katika kipindi cha Hesabu. Wafahamu pia kwamba maji yanapotoka kwa nguvu kupitia mlango wa mwamba, mwogeleaji asishindane nayo. Aelee, kisha akate upande mpaka atoke mkondoni.

Uokoaji hufundishwa uwanjani. Chora mstari wa majivu uwe ndio ufuko. Mwanafunzi mmoja ajifanye anazama, naye asipige kelele, kwa sababu mara nyingi anayezama hawezi kuita. Wengine wasiuvuke mstari: mmoja akimbilie watu wazima, mwingine atupe dumu tupu lililofungwa kamba, wa tatu alale kifudifudi na kunyosha upondo. Zana hizi zote zimo kijijini.

Wako wasemao kwamba somo la namna hii litawashawishi watoto kwenda majini. Sikubaliani nao. Tarehe 26 Desemba 2004, katika ufuko mmoja wa Phuket, Thailand, msichana Mwingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliona bahari ikitoka povu kwa namna isiyo ya kawaida. Majuma mawili kabla alikuwa amefundishwa dalili za tsunami katika somo la Jiografia. Aliwaonya wazazi wake, na watu wakaondolewa ufukoni kabla ya wimbi kufika. Tsunami hiyo ilifika hata katika pwani yetu na kuua watu. Kilichomsaidia mtoto yule ni somo, wala si katazo.

Simshauri mwalimu alipeleke darasa majini bila watu wazima wajuao kuogelea. Lakini, ndugu mwanachuo, ukipangiwa shule ya pwani, usingoje msiba ndipo ufundishe. Nenda kwanza kwa wavuvi, uwaulize mikondo iko wapi na maji hujaa kwa kupitia wapi. Kisha keti uandike andalio lako la somo.