BARAZA YA MWALIMU: Sarajevo kwa Mkoba Mwepesi

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, wapo Wazungu waliozaliwa Waislamu?" Sikumjibu, nilimpeleka Sarajevo. Ukiondoa malazi, tulijiwekea mark 60 kwa siku, yaani takriban euro 30, kwa watu wawili. Miguu ndiyo iliyokuwa teksi yetu. Kule Baščaršija tulikula ćevapi, nyama ya kusaga iliyochomwa, pamoja na mkate na vitunguu. Maji tulikinga bure kwenye Sebilj. Alasiri tuliswali katika msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa mwaka 1531. Mzee mwenye macho ya buluu alisogea safuni, akampisha mjukuu wangu. Tulipopanda Kovači, kwenye makaburi ya waliouawa katika vita vya 1992–1995, kijana alisoma miaka juu ya mawe meupe, wala hakuniuliza tena.