Dawa ya zamani si dawa dhaifu



Kwenye mkutano wetu wa mwisho kabla ya kupanda, mtu mmoja alituletea habari ya bei chee: bidoni za malation zilizokaa sana dukani, nusu ya bei. Wengi walifurahi. Mzee mmoja akasema: «Dawa ikizeeka nguvu inapunguka, tutaongeza tu kizibo kimoja kwa kila pompi.» Watu wakapiga makofi. Mimi nilikataa, nikaonekana kama mtu wa kurudisha wengine nyuma. Njo maana ninaandika.

Malation iko katika jamaa ya dawa za fosfori. Dawa hizo zinaua mdudu kwa kushika kitu kimoja ndani ya mishipa yake ya fahamu, kitu kinachofanya kazi sawa freno. Freno ikikamatwa, mishipa haitulii tena. Mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Sasa tusijidanganye: sisi pia tuko na freno ileile. Kinachotusaidia kwa malation ni kwamba mwili wetu, zaidi ini, unaikata vipande mbio mbio kabla haijatuumiza sana. Mdudu hana nguvu hiyo ya kutosha.

Lakini malation haikai vilevile milele. Ikiwekwa mahali pa joto siku nyingi, sehemu zake zinahama ndani kwa ndani: kipande kidogo kilichoshika oksijeni kinaiacha na kwenda kushika salfa. Hakuna kilichoongezeka, hakuna kilichopunguka. Ni nafasi tu zimebadilika. Kitu kipya hicho kinaitwa isomalation, na ubaya wake ni huu: kinafunga ile kazi ya mwili ya kukata malation. Mlinzi amefungwa kamba, mwizi anaingia.

Joto si peke yake. Mwaka 1923 mwanakemia wa Marekani, Gilbert Lewis, alieleza aina ya asidi ambayo kazi yake ni kupokea elektroni mbili kutoka kwa kitu kingine. Asidi za namna hiyo ni sawa mshenga wa ndoa: anakutanisha pande mbili, kisha anarudi kwake bila kuoa. Viwandani wanazitumia kwa makusudi. Kloridi ya alumini, kwa mfano, inasaidia kuunganisha fosfori na kaboni wakati wa kutengeneza vitu vya jamaa hii. Lakini alumini iko pia katika udongo wa mfinyanzi, na unga wa udongo namna hiyo unatumiwa kubebea dawa za unga. Huyo mshenga anaweza kufanya kazi hata hakuna aliyemuita, akaharakisha mageuzi ndani ya mufuko uliofungwa.

Je, hayo ni maneno ya vitabu tu? Hapana. Mwaka 1976 huko Pakistan, malation ya unga ilipulizwa manyumbani kupiganisha mbu wa malaria. Kati ya wafanyakazi karibu 7.500, kama 2.800 walipata sumu, na watano walikufa. Walipochunguza, walikuta dawa ina isomalation. Walifikiri wameshika dawa wanayoijua.

Sasa rudi kwa ule mzee wetu. Ni kweli, kwa mdudu dawa iliyozeeka inaweza kupunguka nguvu. Lakini kwa mtu anayebeba pompi mgongoni, inaweza kuwa imeongezeka. Kuongeza kizibo ni kuongeza hatari mara mbili.

Ninajua mtaniambia: pesa haiko, na wadudu hawangoji. Ni kweli, hata mimi nimepoteza maharagwe. Lakini bei ya nusu tutailipa pengine: kwenye sentre ya afya, ao kwa siku za kazi za kijana aliyelala akitapika. Maoni yangu ni haya. Koperative inunue pamoja, kwa msimu mmoja tu, bidoni zilizofungwa, zenye etiketi na tarehe. Dawa isiyo na tarehe irudi kwa mwenyewe, hata kama ni ya shemeji yetu. Depo isiwe chini ya bati tupu linalochoma. Iwe na kivuli na hewa, mbali na chakula na watoto. Ile ya zamani tuliyo nayo tuiandike «HAITUMIKI», tuifungie, tumuite agronome. Tusiimwage mtoni, tusiichome.

Na mtu akianza kutoka jasho na mate mengi, kutapika, macho kuona ukungu, misuli kurukaruka, ao pumzi kuwa nzito, msipoteze muda kumtafutia maziwa. Muvueni nguo, mumuoshe na sabuni na maji mengi mkikinga mikono yenu, mukimbie naye kwa muganga, na etiketi mkononi. Iko dawa ya kumsaidia, atropine, lakini muganga lazima ajue anapigana na nini.

Katika mkutano ujao, kabla ya kuuliza bei, mtu mmoja anyooshe mkono na kuuliza: «Hii dawa ilitengenezwa lini, na imelala wapi?» Kama hakuna jibu, tusinunue.