Acheni kuuza watoto wetu kwa rekodi za simu

Wazazi mlioko kambini, Jumapili bwana mmoja alisimama uwanjani akatangaza kwamba kijana wetu amekimbia mita 100 kwa sekunde 9 na nusu. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwepo, na nasema ni uongo.

Rekodi ya dunia ni sekunde 9.58. Usain Bolt wa Jamaika aliiweka Berlin mwaka 2009, na hakuna aliyeivunja. Ya Afrika ni 9.77, ya Ferdinand Omanyala, Nairobi, 2021. Saa zao ni za umeme, zinaanza zenyewe bastola ikilia. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2 kwa sekunde, rekodi haikubaliwi. Na sisi? Umbali ulipimwa kwa hatua za miguu, na saa ilikuwa simu. Kidole kikichelewa kubonyeza, mkimbiaji anapewa muda wa bure. Eti mtoto amempita Bolt, kwenye udongo, bila viatu!

Ningecheka, lakini kesho yake bwana huyo alizunguka kwenye mahema akidai dola 50 za "karatasi", ati atapeleka watoto Ulaya. Aliomba hata kwa mama ambaye siku ile hakuwa na unga.

Kijana ana mbio, sikatai. Anayempenda amnunulie viatu, apime uwanja kwa mita, ampeleke kwenye mashindano yenye saa ya kweli. Na wewe bwana, dola ulizokwisha kupokea, zirudishe wiki hii.