Sabrina Wanjiku anawakosea nini?

Kila Olimpiki ya majira ya baridi ikikaribia, kuna swali linarudi mitandaoni: "Huyu wa theluji naye ni Mkenya wa wapi?" Anayeulizwa hivyo mara nyingi ni Sabrina Wanjiku Simader. Wasee, leo mtanivumilia, maana hili swali limenichosha.

Ni Mkenya wa Kilifi. Alizaliwa huko mwaka wa 1998, akahamia Austria na mamake akiwa na miaka 3, na baba yake wa kambo ndiye aliyemfunza kuteleza kwa skii. Februari 2018 akabeba bendera yetu Pyeongchang, Korea Kusini. Timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye peke yake.

Halafu matokeo yakatoka: super-G, nambari 38. Vicheko! Sasa wewe unayecheka, unajua super-G ni nini? Ni kushuka mlima kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa, huku ukipinda kupita kwenye milango iliyowekwa juu ya theluji. Kabla ya mbio unaruhusiwa kuikagua njia polepole, lakini hakuna kuishuka kwa majaribio. Unashuka mara moja tu, na ukikosa mlango mmoja umeondolewa. Siku ile Ester Ledecká wa Czech alimshinda Anna Veith wa Austria, aliyekuwa bingwa mtetezi, kwa sekunde 0.01. Hao ndio ulitaka Wanjiku awaache nyuma?

Wengine wana hoja ya maana kidogo. Ati alikuja kwetu kwa sababu Austria asingepata nafasi. Haya, tuseme ni kweli. Austria imejaa watu wa skii vile Iten imejaa wakimbiaji, na foleni ni ndefu. Lakini si hiyo foleni ndiyo hufanya wakimbiaji wetu wahame? Rio 2016, dhahabu ya wanawake ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji ilienda Bahrain. Aliyeishinda ni Ruth Jebet, mzaliwa wa hapa hapa, na Hyvin Kiyeng wetu akawa wa pili. Kwa Jebet tulisema anatafuta riziki, aachwe. Mimi pia sina neno naye. Ila hii hesabu inanishinda: aliyeondoka na miguu yake tunamwelewa, aliyekuja kuvaa rangi zetu tunamdai kitambulisho.

Na msiniambie shida ni kulelewa ng'ambo. Philip Boit alilelewa hapa, akakimbia hapa kabla ya kuvaa skii. Nagano 1998 alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 za skii za masafa, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja kwenye mstari amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mnorwe aliona mwanamichezo, sisi mpaka leo tukimtaja tunamtaja kama kichekesho.

Mwaka wa 2018 Afrika ilikuwa na nchi 8 kwenye hiyo michezo. Beijing 2022 zilibaki 5: Eritrea, Ghana, Madagascar, Morocco na Nigeria. Kenya haikuwa na mtu hata mmoja, na wale wa kuuliza "Mkenya wa wapi?" sikuwasikia wakiuliza Mkenya yuko wapi.