Ndeke ikisema «Vuta juu!», piloti haombi ruhusa

Wengine wataniuliza: wewe mutu wa sendika ya mugodi, unatafuta nini mu mambo ya ndeke? Muningojee kidogo.

Tarehe 9 Mei 2012, ku Jakarta mu Indonesia, Warusi walipandisha wageni mu ndeke yao mupya, Sukhoi Superjet 100. Ilikuwa safari ya kuonyesha mali, sawa vile mutu anakuzungusha mu gari mbele ya kukuuzia. Mu chumba cha mapiloti kulikuwa mutu wa upande wa wanunuzi, na piloti mukubwa alikuwa anaongea naye. Inje ni mawingu tu. Mbele yao kulikuwa mulima Salak, nao hawakujua. Sekunde 38 mbele ya kugonga, mashini ya ndeke ilisema: angalia, udongo uko mbele. Ikarudilia. Mapiloti wakafikiri ramani ya mashini iko na kosa, wakaizima. Watu 45 walikufa, hata mumoja hakupona. Kisha wachunguzi wa Indonesia walijaribu jambo lile lile mu simulateri. Wakaona kama piloti angevuta ndeke juu, hata kwa kuchelewa sekunde 24 kisha sauti ya kwanza, wangepita.

Tangu nisome habari ile, inanirudilia kila mara nikishuka mu galeri.

Mashini yenyewe tuielewe. Injiniya Don Bateman, muzaliwa wa Kanada aliyetumika Marekani, ndiye anaitwa baba yake. Ile ya kwanza, ya miaka ya 1970, ilitumia radio: ndeke inatuma wimbi chini, wimbi linarudi, mashini inahesabu urefu. Udongo ukipanda mbio kuelekea ndeke, inapiga kelele. Ilikuwa muzuri, iliokoa wengi, lakini ilikuwa sawa mutu anayetembea akiangalia miguu yake: ukuta ulio mbele hauoni mpaka amekaribia kuugonga. Mu Desemba 1995, karibu na muji wa Cali mu Kolombia, ndeke ya American Airlines ilipotea njia usiku katikati ya milima. Mashini iliwapa sekunde chini ya 15. Watu 159 walikufa.

Kisha ikakuja mashini mupya, yenye kuona mbele. Wameitia ramani ya dunia muzima, na urefu wa kila mulima. Sehemu moja ya zile ramani ilitoka kwa Wasovieti, ilinunuliwa kisha inchi yao kuanguka. (Ramani ya jeshi kwenda kuokoa wasafiri, huyo Bateman alikuwa mujanja!) GPS inaijulisha ndeke iko wapi, mashini inalinganisha njia na ramani. Ku ekrani, udongo ulio chini sana kuliko ndeke unaonekana kijani, ule ulio karibu na kimo chake ni manjano, na mulima unaoipita kwa urefu ni nyekundu. Mahali mashini haina habari, ingine inatia rangi ya zambarau: haisemi uongo, inakuonyesha kama haijui. Ikibaki kama dakika moja mbele ya kugonga, inaonya kwa sauti. Ikibaki kama nusu dakika, inaamuru: «Vuta juu!»

Hapo ndipo ninapenda tusimame. Mu mawingu ao usiku, piloti akisikia ile amri, haiti tour de contrôle kuomba ruhusa. Haulizi patron wa kampani kama mafuta itapotea. Anaondoa pilote automatique, anatia nguvu yote ya mota, anapanda. Maneno ni nyuma. Kama mashini ilikosea, atafanya rapport akiwa muzima.

Siye mu mugodi, alarme yetu ni mawe yenyewe. Mawe madogo yanaanza kuanguka, muti wa kutegemeza unalia, wazee wanajua. Mu mugodi mumoja nilimokuwa délégué, ekipi ya usiku ilisikia vile na ikatoka. Shefu akawaandika kama watu waliokataa kazi, wakakatwa siku moja ya mushahara. Mbele ya mapambazuko dari ya ile galeri ilianguka. Hakukuwa mutu ndani, tumushukuru Mungu. Ile siku moja ya mushahara haikurudishwa mpaka leo. Shefu alisema yeye hakuona kitu. Hata piloti wa Sukhoi hakuona kitu.

Najua wakubwa watanijibu: tukiruhusu kila mutu atoke juu ya jiwe moja, nani atatumika? Haiko neno la kuchekelea. Hata mashini ya ndeke inapiga kelele ya bure, zaidi sana kwenye kiwanja kidogo kisichoandikwa mu ramani yake: piloti anashuka kutua, mashini inafikiri anagonga udongo. Akisikia vile kila siku, masikio yanazoea. Lakini dawa ni kurekebisha ramani, haiko kuzima sauti. Mu mugodi pia: watu wakitoka, mutu wa sécurité aende kupima, na mushahara usiguswe. Mapatano nambari 176 ya OIT juu ya usalama wa migodi, ya mwaka 1995, yanasema mutumikaji ana haki ya kuondoka mahali akiwa na sababu ya kweli ya kuona hatari.

Na ndeke zetu zenyewe? Tarehe 1 Septemba 2008, ndeke ya misaada iliyotoka Kisangani iligonga mulima karibu na Bukavu, watu wote 17 wakafa. Mu Juni 2010, ndeke ndogo ya kukodi iliyotoka Yaoundé iligonga mulima upande wa Kongo-Brazzaville. Ilibeba watu 11, kati yao karibu wakubwa wote wa Sundance, kampani ya Australia yenye kutafuta chuma. Wote walikufa. Sheria ya OACI inaomba mashini yenye kuona mbele mu kila ndeke ya turbine inayopita kilo 5.700 ao yenye ruhusa ya kubeba zaidi ya wasafiri tisa. Chini ya hapo, ni ndeke ndogo ndogo, na ndizo zinatupeleka ku machantier ya mbali.

Wakati tutakaa tena na kampani juu ya mapatano ya kazi, nitaleta mambo mawili mu karatasi moja. La kwanza: ndeke yoyote inayokodiwa kwa kubeba watumikaji, hata ndogo, iwe na ile mashini, na délégué aonyeshwe tarehe ambayo ramani yake ilifanywa upya. La pili: ekipi inayotoka galeri juu ya mawe isikatwe hata franka moja, na ile ekipi ya usiku irudishiwe siku yake.