KIINGEREZA KIANZE KWENYE GUNIA NA CHUPA YA DAWA



Safari hii tunataka kusema juu ya darasa letu la Kiingereza la jioni, lile linalokutana ghalani. Tulianza wengi. Sasa mabenchi ya nyuma yako matupu, na wengine wanasema eti mtu mzima hawezi lugha ya watu. Sisi hatukubali. Kosa si la wanafunzi. Kosa ni letu sisi tuliopanga masomo.

Hebu tukumbushane, tulianza na nini? "Good morning, sir. How are you?" Wiki mbili nzima tulikariri kumwamkia bwana ambaye haji hapa kijijini. Mzee akitoka hapo anarudi nyumbani, anakuta chupa ya dawa ya pamba imejaa Kiingereza mbele na nyuma, na hakuna hata neno moja kati ya hayo tulilomfundisha.

Mlisikia yaliyotokea msimu uliopita. Mwenzetu mmoja alibakiwa na mbegu za mahindi baada ya kupanda. Njaa ilikuwa inabisha hodi. Akaziosha mpaka ile rangi nyekundu ikapungua, akazianika, akazipeleka mashineni na mfuko wake uleule. Mwenye mashine akasoma mfuko, akazima mashine. Palikuwa pameandikwa kwamba mbegu hizo zimetiwa dawa, zisitumiwe kwa chakula. Jamani, watoto wangapi wangekula ugali ule?

Na huyo mwenzetu si mbumbumbu. Anasoma Kiswahili vizuri, hata gazeti hili analisoma. Lakini mbele ya mfuko ule alikuwa sawa na asiyewahi kushika kalamu. Sisi tunaoendesha kisomo hatuna la kumlaumu. Tulimfundisha kusalimia, hatukumfundisha kujikinga.

Wazee wetu walituonyesha njia. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, watu hawakuitwa kujifunza herufi kwa ajili ya fahari. Huku Kanda ya Ziwa, mradi wa kisomo ulioanza mwaka 1968 ulikuwa na vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi na vya maarifa ya nyumbani. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wakakaa na redio, wakasoma kijitabu, kisha wakaenda kuchimba choo. Somo lilitoka darasani likaingia uani siku ileile. Kiingereza chetu nacho kiende hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunapendekeza tuanze na maneno 10 tu, na yaandikwe kwa chaki kwenye mlango wa ghala:

POISON ni sumu. DANGER ni hatari. TREATED ni kitu kilichotiwa dawa. MIX ni changanya. BEFORE ni kabla, AFTER ni baada. EXP ni mwisho wa kutumika; tarehe ikipita, usinunue. GROSS ni jumla kabla ya kutoa kitu. NET ni kinachobaki baada ya kutoa. Na la kumi ni DO NOT.

Hilo la kumi tulitazame vizuri. Katika Kiswahili katazo limo ndani ya neno lenyewe: usinywe, usile, usiguse. Huwezi kuliruka. Waingereza wamelitenga pembeni, vineno viwili vidogo. Mtu akisoma neno DRINK analolijua, akaacha DO NOT asilolijua, katazo linageuka ruhusa. Basi ukiona DO NOT, simama kwanza. Hata kama hujui yanayofuata, jua umekatazwa jambo. Tafuta wa kukusomea.

Na NET msicheke. Wapo waliodhani karatasi ya mizani inazungumzia neti ya mbu! Mfano, gunia limepimwa na kuandikwa GROSS kilo 62. Gunia tupu lina kilo 1. NET ni kilo 61, na hiyo ndiyo ya kulipwa. Ukiona NET imeandikwa 58, uliza kilo 3 zimekwenda wapi. Kuuliza si ugomvi. Katika ushirika kuuliza ni wajibu wa mwanachama.

Wapo wanaosema kujifunza Kiingereza ni kasumba ya kikoloni. Tunawaheshimu, ila tunasema hivi: lugha yetu ni Kiswahili, na hatuiachi. Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tumefurahi. Lakini sumu haingoji Bunge. Anayejua jina la nyoka kwa lugha ya jirani hajawa mtumwa wa jirani. Tena maneno yao mengi tumekwisha yafanya yetu: baiskeli, pampu, koti, blanketi, risiti. Nao walichukua safari kutoka kwetu. Hakuna wa kumwonea mwenzake haya.

Wapo pia wanaojua viwili vitatu wakavichomeka kila mkutano ili waonekane wasomi. Hao tunawaambia Kiingereza cha kutambia hakijazi ghala. Hatuhitaji ulimi wa London. Kusoma kwa macho kwanza kunatosha. Ulimi utafuata polepole.

Wakati tunajifunza, tushike haya. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda, maana hapo hata msomi hana cha kusoma. Tuangalie mkanda wa rangi kwenye chupa: nyekundu ni sumu kali zaidi, inafuata njano, kisha buluu, halafu kijani, na hata ya kijani ni sumu. Kamati ya ushirika ikinunua pembejeo, ichague kwanza zenye maelezo ya Kiswahili, na zisizokuwa nayo zisomwe hadharani kabla ya kugawiwa. Na mtu yeyote asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Aseme bila woga, "Naomba unisomee kwa Kiswahili."

Jumanne saa 10 alasiri darasa linaanza upya ghalani. Kila mmoja aje na mfuko mtupu wa mbegu, au karatasi ya mizani aliyopewa. Chupa za sumu ziachwe nyumbani, mbali na watoto; tutanakili maneno yake ubaoni. Akina mama mje, ninyi ndio mnaopika. Wazee mje, msione haya. Yule mwenzetu wa mbegu amekubali kukaa benchi la mbele, nasi tutakaa naye.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Chama, Tawi